Laptopu mbili, betri za aina moja, miaka mitatu: iliyotumika sana ndiyo imebaki na nguvu

#1 Daftari_Tanga (Machi 2024)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie. Namba zote nimeziandika mwenyewe kwenye daftari kwa miaka mitatu, na nadhani zitamfaa mtu anayeshangaa kwa nini laptopu yake inazima ghafla huku inaonyesha asilimia 28.

Machi 2021 ofisini kwetu Tanga tulinunuliwa laptopu mbili za mtumba, HP EliteBook 840 G3, zikafungwa betri mpya siku hiyohiyo. Moja nikapewa mimi. Nyingine akapewa dada mmoja tunayefanya naye kazi, kituo chake Lushoto. Betri ya mashine hii imeandikwa 46.5 Wh, yaani ikijaa ina uwezo wa kuendesha kifaa cha wati 12 kwa karibu saa nne.

Mimi ni mtu wa mezani. Chaja nilikuwa nachomeka asubuhi, nachomoa jioni, na siku nyingi sikuchomoa kabisa. Niliamini kwamba betri isiyotumika haichakai. Yule dada ni mtu wa safari za vijijini. Anachaji akipata umeme, mara inafika 70, mara 85, anashuka nayo mpaka 25, anachaji tena. Nilikuwa namwambia kila tukikutana, "Dada, unaiua hiyo betri."

Kila Machi nilitoa ripoti ya betri na kuandika. Yangu ilikwenda hivi:

2021: 45,600 mWh (mWh 1,000 ni Wh 1)
2022: 40,200
2023: 33,900
2024: 27,100

Kiwandani ilitoka na 46,500. Kwa hiyo leo nimebaki na asilimia 58. Juzi dada kaja Tanga kwenye kikao, nikamwomba laptopu yake dakika tano. Nikakuta 37,700. Asilimia 81. Kilichonishtua zaidi ni mizunguko ya chaji: yangu 64, yake 341.

Nilirudia kusoma nikidhani nimebadilisha mashine. Hapana, ndivyo ilivyo. Betri niliyoidekeza imechakaa, na ile niliyoilaumu bado inafanya kazi nusu siku.

Kwa asiyejua namna ya kuitoa ripoti: kwenye Windows fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport kisha Enter. Itakuonyesha mahali ilipohifadhi faili, ulifungue kwa kivinjari chochote. Tafuta mistari mitatu: DESIGN CAPACITY ni uwezo wa kiwandani, FULL CHARGE CAPACITY ni uwezo uliobaki leo, CYCLE COUNT ni mizunguko. Gawa wa leo kwa wa kiwandani, zidisha kwa mia. Hiyo ndiyo afya ya betri. Ile asilimia ya pembeni chini ya skrini ni kitu kingine kabisa: inakwambia ndoo imejaa kiasi gani, haikwambii ndoo yenyewe imekuwa ndogo kiasi gani.

Na mzunguko mmoja si kuchomeka chaja mara moja. Ukitumia nusu leo na nusu kesho, huo ndio mmoja.

Naomba wenye ujuzi waje tuelezane kwa nini imekuwa hivi.

---

#2 MwanaMrima

Mkuu shukrani kwa namba. Ila betri mpya si lazima uichaji masaa 8 kwanza kabla ya kuwasha? Na uiache ife kabisa ndipo uchaji? Labda hapo ndipo mlipotofautiana.

---

#3 Daftari_Tanga

> Na uiache ife kabisa ndipo uchaji?

Hapana ndugu yangu. Hiyo ilikuwa sheria ya betri za nikeli na kadimi, zile zilizokuwa "zinazoea" kiwango ulichozichajia. Betri ya lithiamu, kama hizi zetu za laptopu, haina tabia hiyo. Kuishusha mpaka sifuri kila siku kunaiumiza zaidi.

---

#4 Seli3 (fundi, Kariakoo)

Mtoa uzi, umefanya kazi nzuri sana. Nafungua betri za laptopu kila wiki na naona haya unayoyasema, ila wateja wengi hawaamini mpaka waone namba.

Niwaeleze kinachotokea ndani. Betri imeundwa kwa seli kadhaa, na kila seli ina pande mbili. Upande mmoja ni oksidi yenye kobalti, mwingine ni grafiti. Ukichaji, lithiamu inahama kutoka kwenye oksidi kwenda kukaa ndani ya grafiti. Ukitumia, inarudi. Kazi yote ni hiyo ya kwenda na kurudi. Sasa juu ya grafiti unajijenga utando mwembamba tangu siku ya kwanza. Lazima uwepo, bila huo seli haidumu. Tatizo hauachi kukua. Mnaokaa pwani mnajua birika la chai linavyoganda chokaa ndani kwa maji ya kisima. Fikiria hivyo, isipokuwa hapa chokaa yenyewe inatengenezwa kwa lithiamu. Kila kinachonaswa kwenye utando hakirudi tena kazini, na ndiyo maana FULL CHARGE inashuka hata laptopu ikiwa imelala kabatini.

Vitu viwili vinauharakisha huo utando: joto, na seli kukaa imejaa. Ikijaa, volti iko juu na kemikali za ndani zinashambuliana zaidi. Kuna makadirio wahandisi wanayataja sana: seli ikihifadhiwa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 ikiwa na chaji asilimia 40, inabaki na kama 96 ya uwezo wake. Joto hilohilo lakini imejaa, inabaki na kama 80. Pandisha mpaka nyuzi 40 ikiwa imejaa, unabaki na kama 65. Na hapo haijatumika hata siku moja.

Kitu kingine ambacho watu hawakiangalii. Soma mgongo wa betri yako ya 840 G3: imeandikwa 11.4V. Ni seli tatu za volti 3.8. Betri za zamani ziliandikwa 11.1V, seli tatu za 3.7. Zile za 3.7 zinajaa kwenye volti 4.2, hizi za 3.8 zinajaa kwenye 4.35. Zinabeba zaidi kwa ukubwa uleule, ila kule juu kabisa ndiko zinakoumia. Na zimelazwa ndani, bapa, chini ya mahali unapoweka viganja, jirani na joto la mashine.

Watu wanasema "betri imechajiwa kupita kiasi". Hapana, saketi ya ndani inakata ikijaa. Betri yako haikuzidishiwa chaji hata siku moja. Ilikaa imejaa miaka mitatu, kwenye joto.

---

#5 Mkulima_wa_Namba

Naheshimu daftari lako mkuu, lakini hapa umelinganisha vitu viwili kwa mara moja. Tanga ni joto, Lushoto ni milimani, asubuhi ya Julai watu wanavaa makoti. Utajuaje kwamba betri ya dada imesalimika kwa sababu haikai imejaa, na si kwa sababu ya ile baridi tu? Ukitaka hitimisho, badilisha kitu kimoja, kingine kiache palepale.

---

#6 Daftari_Tanga

Umenipata hapo, na nakubali. Nilifurahia ile 341 dhidi ya 64 nikasahau hali ya hewa. Chumba changu hakina kiyoyozi, Februari ndani ni 32 mpaka 33. Jana nimeweka kipimajoto cha jikoni chini ya laptopu, upande wa betri, ikiwa inachaji na inafanya kazi: 39.

Kinachobaki kweli kutoka kwenye namba zangu ni kimoja: wingi wa mizunguko peke yake haukuamua. Hayo mengine itabidi niyapime upya. Nitaagiza betri mpya, nikae nayo hapahapa Tanga, kwenye chumba hikihiki, ila nisiiache ijae. Baada ya mwaka nitaleta mrejesho.

---

#7 StimaNairobi

Niko Nairobi, nasoma huu uzi kwa makini. Yangu ni Dell Latitude, ripoti inasema nimebaki na 61%. Hiyo naelewa. Nisichoelewa ni kwamba ikifika 28 inazima tu, pap, bila onyo. Stima zikipotea nikiwa kwa mkutano wa video ndiyo mbaya zaidi. Nikiandika tu, inaweza fika hata 10.

---

#8 Seli3

> Nikiandika tu, inaweza fika hata 10

Jibu liko kwenye sentensi yako hiyo, kaka. Seli inayozeeka haipungui ujazo tu, inaongeza ukinzani wa ndani, yaani umeme unapita kwa shida zaidi. Ukiivuta kwa nguvu, kwa mkutano wa video, kamera, feni, mwanga wote, volti inadidimia ghafla. Mashine ikiona volti imeshuka chini ya kiwango inachokihitaji, inakata kujilinda. Ukiandika tu unaivuta taratibu, volti haididimii sana, unafika 10.

Pia inawezekana kipimo kimepotea. Ile asilimia ni hesabu: chipu iliyo ndani ya betri inahesabu umeme unaoingia na unaotoka, na hesabu hiyo ikikaa miezi bila kufika juu wala chini inaanza kudanganya. Fanya hivi mara moja: chaji ijae, iache saa mbili imejaa, itumie kwa kazi nyepesi mpaka ijizime, halafu chaji tena moja kwa moja mpaka ijae. Kipimo kitakaa sawa. Uwezo hautarudi, nisikupe matumaini ya bure. Lakini angalau 15 itakuwa 15 kweli.

Usifanye kila wiki. Mara moja kila miezi mitatu minne inatosha.

---

#9 Mama_Tuisheni

Samahanini jamani kuingilia. Nafundisha watoto tuisheni nyumbani na laptopu ya zamani. Tangu wiki iliyopita ile sehemu ya kugusa kwa kidole imekuwa ngumu kubonyea, na nikiiweka mezani inacheza, haikai sawa. Nilidhani ni mguu wa mpira umetoka. Kwenye ripoti yangu inasema 44%. Inahusiana?

---

#10 Seli3

Mama, izime sasa hivi na uchomoe chaja. Usiichaji tena hata dakika moja. Hiyo betri imevimba: gesi imejaa ndani ya seli na inasukuma sehemu ya kugusa juu, na mfuniko wa chini nje.

Usiibonyeze irudi, na usimruhusu mtu aitoboe "kutoa hewa". Ikitobolewa pande mbili zinagusana ndani na inawaka, moto wake hauzimiki kirahisi. Iweke kwenye sakafu ya saruji, mbali na godoro, pazia na watoto. Kesho mpelekee fundi anayeaminika aitoe. Mashine nyingi zinawaka kwa chaja tu bila betri, kwa hiyo utaendelea kufundisha wakati unatafuta nyingine. Ile iliyovimba usiitupe kwenye takataka zinazochomwa. Mwachie fundi.

---

#11 Mama_Tuisheni

Nimeizima. Iko barazani kwenye saruji. Mungu akubariki baba, watoto huwa wanaipakata mapajani.

---

#12 BintiWaMaskati

Nipo Maskati. Huku Juni mchana nje ni zaidi ya 40, na ndani ya gari lililoegeshwa juani usiseme. Kaka yangu alikuwa anaacha laptopu kwenye buti kila siku ya kazi kwa sababu ofisini wanatumia kompyuta zao. Mwaka mmoja tu, betri chini ya nusu, na hakuwa akiitumia. Sasa nimeelewa. Nimemtumia uzi huu.

---

#13 Kolwezi_Kwetu

Jambo wandugu. Mimi niko Kolwezi, Lualaba, Congo. Fundi amesema oksidi yenye kobalti, nikaona niseme neno. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka huku kwetu, sehemu yake inachimbwa na watu kwa mikono, kwa koleo na nyundo, ndani ya mashimo. Mtu anashuka asubuhi na mama yake hajui kama atapanda. Betri ikitupwa baada ya miaka miwili wakati ingeweza kufika mitano, kuna mtu huku atashuka tena kutafuta ya kuweka mahali pake. Ndiyo maana napenda mazungumzo haya.

Nauliza: betri za sola wanazouza sasa, zile za lithiamu, wanasema hazina kobalti. Kwa nini laptopu hawaziwekei hizo?

---

#14 Seli3

Pole na asante ndugu wa Kolwezi. Ni kweli, za sola nyingi ni lithiamu na fosfati ya chuma. Seli yake ni volti 3.2, inavumilia joto na mizunguko mingi zaidi, maelfu. Lakini kwa uzito uleule inabeba umeme mdogo zaidi. Ukitaka Wh 46.5 za aina hiyo, laptopu itakuwa nene na nzito, na watengenezaji wanashindana kwa wembamba. Nyumbani betri inakaa sakafuni, uzito si hoja.

---

#15 Kijana_wa_Chuo

Natafuta laptopu ya mtumba kwa ajili ya chuo. Dukani nitajuaje betri nzima? Kila muuzaji ananiambia "betri saa nne, sita".

---

#16 Seli3

Toa ripoti ya powercfg mbele yake kabla hujatoa pesa. Muuzaji mwaminifu hatakataa, inachukua nusu dakika.

Ila usiiamini peke yake. Kuna betri za bandia ambazo chipu yake imeandikwa namba ya kudumu. Nikiona FULL CHARGE ni sawasawa na DESIGN, tarakimu kwa tarakimu, kwenye betri ambayo ina miezi kazini, nashtuka. Betri ya kweli inayumba: leo 41,350, mwezi ujao 40,980.

Jaribu hivi. Ikiwa imejaa, chomoa chaja, cheza video kwa robo saa. Mashine ndogo ya ofisini kwenye video inakula kama wati 12. Robo saa ni 3 Wh. Kwenye betri ya 46.5 hiyo ni kama asilimia 6 au 7. Ikishuka 8 au 9 ni mtumba wa kawaida. Ikishuka 15, zile "saa nne" ni saa moja na nusu.

Na ukinunua ThinkPad kama T480, angalia betri zote mbili. Ina moja ya ndani ya 24 Wh na nyingine ya nje ya kuchomoa. Wauzaji wanakuonyesha ile ya nje iliyobadilishwa, ya ndani imeshakufa. Ripoti inaorodhesha zote, kila moja na namba zake.

Halafu nisisitize jambo linaloniuma. Fundi akikwambia atakubadilishia seli za ndani tu kwa bei nafuu, muulize na chipu atafanyaje. Chipu inakumbuka uwezo wa zamani. Ukiweka seli mpya bila kuirekebisha, itaendelea kusoma 27,000, na nyingine zikiona seli zimekatwa zinajifunga moja kwa moja. Nimepokea wateja waliolipa mara mbili kwa sababu hiyo.

---

#17 Mtumiaji_wa_Mac

Kwa Mac mnaipataje?

---

#18 Daftari_Tanga

Bonyeza kitufe cha Option, fungua menyu ya tufaha, System Information, kisha Power. Utaona Cycle Count na hali ya betri. Apple wanasema MacBook za sasa zimeundwa zibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 1,000.

Kuhusu kuzuia isijae: ThinkPad ina mpangilio wa kuanza na kuacha kuchaji ndani ya programu ya Lenovo Vantage, Dell za kazi wanaweka kwenye BIOS (mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka), ASUS iko kwenye programu ya MyASUS, na HP za kazi za miaka ya karibuni zina Battery Health Manager kwenye BIOS. Wa Linux, tafuta programu ya TLP. Weka 80. Yangu ya zamani haina, kwa hiyo nitachomoa kwa mkono.

---

#19 MwanaMrima

Na mtu akisafiri miezi mitatu, anaiacha vipi?

---

#20 Seli3

Nusu, 50 hivi. Izime kabisa, iweke sehemu yenye ubaridi na ukavu. Usiiache ikiwa sifuri maana itaendelea kushuka polepole mpaka saketi ikatae kuichaji tena. Na usiiweke kwenye friza, maana ukiitoa inatoa jasho ndani, ule unyevu unaua mazabodi (bodi kuu ya mashine).

---

#21 Daftari_Tanga (Machi 2025)

MREJESHO.

Wakuu, mwaka umetimia. Aprili 2024 niliweka betri mpya, aina ileile, 11.4V, 46.5 Wh. Ilianza na 46,100. Chumba ni kilekile, feni ileile, meza ileile. Nilichobadilisha ni kuchomoa chaja ikifika 80 na kuchomeka ikishuka 30 hivi. Nimeiachia ijae nikiwa na safari tu, na mara tatu kwa ajili ya kurekebisha kipimo kama fundi alivyoelekeza. Kuna siku nilisahau, sidanganyi, kama siku mbili kwa wiki.

Leo asubuhi: 43,400. Asilimia 93. Mizunguko 118.

Betri ya kwanza, mwaka wake wa kwanza kwenye joto hilihili, ilikuwa imefika 40,200, asilimia 86, kwa mizunguko michache zaidi.

Mkulima_wa_Namba, najua utasema betri moja si ushahidi wa kutosha, na una haki. Lakini swali lako la Lushoto nimejaribu kulijibu bila kuhama Tanga.

---

#22 Mkulima_wa_Namba

Umelijibu. Joto halikubadilika, matokeo yamebadilika. Nakuunga mkono, na mimi nimeweka 80 kwenye yangu leo. Na ile ya dada wa Lushoto?

---

#23 Daftari_Tanga

Nimempigia sasa hivi, akanisomea kwenye simu. 35,900. Mizunguko 452. Alikuwa njiani kwenda Mlalo, laptopu kwenye begi, chaja kaiacha ofisini.